Maradufu, Ngazi na Mkia

Bwana Melkiadi wa Kibondo alikuwa na madebe mawili. La kununulia maharage kwa wakulima alilipeleka kwa fundi bati, likatunishwa tumbo mpaka likafanana na mama mjamzito aliyepitiliza tarehe. La kuuzia alilibonyeza mwenyewe kwa goti. Wakulima wa Murungu walijua, wateja walijua, na bila shaka hata panya wa ghalani walijua. Lakini mwaka ule wa sabini na sita biashara ya maharage ilikuwa ya serikali, na mtu uliyemuuzia kwa siri nyuma ya nyumba huwezi kwenda kituoni kumshtaki kwamba kakupunja.

Ng'ambo ya barabara alisimama mwanamume aliyevaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, akiyatazama madebe yale kama kijana anayetazama mchumba. Jina lake Ildefonsi. Alizaliwa Gwarama, ila siku hizi akiulizwa kwao ni wapi alijibu Bujumbura, tena kwa kukaza midomo. Huko, kwa maelezo yake, alikuwa krupie, yaani mgawa karata, katika hoteli kubwa kando ya ziwa ambamo matajiri walicheza kamari tangu wanapomaliza chakula cha mchana.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaosha glasi. Lakini tundu la kupitishia glasi lilitazama ukumbini, na kwa miaka yote ile Ildefonsi aliona jambo moja tu likijirudia. Wachezaji waliingia na kanuni zao za kuweka dau, wamezikariri, wanabishania ipi bora kama mapadri wanaobishania utatu. Wakatoka bila saa za mkononi. Na hoteli ikaongeza ghorofa.

Basi Ildefonsi akawa mtu wa imani. Aliamini kwamba anayekula ni mwenye meza, na kwamba hakuna haja ya kuiba karata hata moja. Wezi wa karata aliwadharau kutoka moyoni. "Hao ni washamba," alikuwa akisema. "Mimi nauza elimu."

Akavuka barabara.

"Mwakeye, mzee wangu."

"Mwakeye," alijibu Melkiadi bila kuinua uso. "Unanunua au unauza?"

"Wala. Nimesimama tu namstaajabu mtu anayejua hesabu. Bujumbura watu wenye akili kama yako hawauzi maharage. Wanakaa kivulini, wanacheza, jioni wanarudi nyumbani na mfuko umevimba."

Melkiadi akainua uso. Neno kuvimba lilikuwa na nafasi maalumu moyoni mwake.

Wakaingia ghalani, Ildefonsi akakung'uta gunia, akakalia, akatoa karata. Mchezo wenyewe, ishirini na moja, haukuwa mgumu. Karata za picha ni kumi kumi. Kila mtu anapewa mbili. Mchezaji huzishika zake mkononi. Za mwenye meza, moja iko wazi, moja imefichwa. Unaongeza mpaka utosheke, anayekaribia ishirini na moja ndiye mshindi, anayevuka amekufa. Jambo dogo ambalo Ildefonsi hakulikazia sana ni kwamba mchezaji hutangulia kuchukua. Akivuka amekufa hapo hapo, dau limekwenda, hata kama mwenye meza naye angevuka baadaye. Ni sawa na watu wawili kuonja uyoga wasioujua: wa kwanza hapati nafasi ya kumwona mwenzake akianguka.

"Lakini mchezo si kitu," alisema Ildefonsi. "Kitu ni dau. Ngoja nikuoneshe kanuni ya Maradufu." Akachota maharage ya Melkiadi mwenyewe. "Unaweka punje moja. Ukishinda, umepata punje moja. Ukipoteza, unaweka mbili. Ukipoteza tena, nne. Tena, nane. Siku utakayoshinda, yote uliyopoteza yanarudi, na punje moja juu yake ya kunywea soda."

Melkiadi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa maharage. Kweli yalirudi yote, na punje moja juu.

"Na nikipoteza mfululizo?"

"Mzee, ulishaona mvua ikinyesha mwaka mzima?"

"Hapa Kibondo?"

"Hata Kibondo Juni hufika."

Ada ya somo ililipwa siku hiyo hiyo. Kisha, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji mazoezi, na kwa kuwa Kibondo nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuketi upande wa pili, Ildefonsi alikubali kwa shingo upande kuwa mwenye meza. Sharti lilikuwa moja tu, la heshima: dau lisizidi shilingi mia mbili. "Utaratibu wa hoteli," alisema. "Huwezi kufika huko, lakini lazima niseme."

Wiki nzima Melkiadi alishinda. Alianza na shilingi tano, akipoteza anazidisha, akishinda anarudi kwenye tano. Kila asubuhi alitoka ghalani na shilingi za kununulia nyama, akawa anawatazama wakulima wa Murungu kwa huruma, wao na majembe yao. Alimwambia mkewe kwamba shida ya nchi hii ni watu kutojua kuzidisha.

Jumatatu iliyofuata mvua ikanyesha.

Tano ikaenda. Kumi ikaenda. Ishirini ikaenda, Melkiadi akacheka, akasema sasa ndiyo utamu unakuja. Arobaini ikaenda. Themanini ikaenda, akavua koti. Mia na sitini ikaenda na karata ya picha ya shupaza, akatoa mfuko wa ndani ya suruali, ule alioshona mkewe kwa ajili ya safari.

"Mia tatu na ishirini," alisema.

"Haiwezekani, mzee. Meza ina kikomo."

"Kikomo gani?"

"Mia mbili. Nilikwambia."

"Lakini kanuni inasema nizidishe!"

"Kanuni inasema hivyo," Ildefonsi alikubali kwa masikitiko. "Meza inasema vile."

Melkiadi akaanza upya na tano, ila sasa alicheza kama mtu anayekimbizwa na nyuki: tano, hapana, mia, hapana, mia mbili. Ilipofika saa sita mchana alikuwa amebakiwa na madebe yake mawili na jasho. Hapo Ildefonsi akaingiwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyokuwa hatari kuliko yote. Alisema kwa ajili ya urafiki atavunja sheria ya hoteli. Karata moja ya mwisho, yote kwa yote, iwapo mzee ana kitu chenye thamani.

Melkiadi alikwenda ndani, akarudi amebeba cherehani ya mkono ya mkewe ndani ya sanduku lake la mbao.

Alipata kumi na tisa. Ildefonsi akapata ishirini.

Theodosia, mke wa Melkiadi, alikuwa amekwenda kupima watoto wa shule kwa ajili ya sare. Ile cherehani ndiyo iliyolisha nyumba miaka ambayo maharage hayakulisha, na aliinunua kwa mikono yake kabla hajaolewa. Aliporudi, mumewe alimwambia wameingia wezi.

"Wezi wa mchana?"

"Ego, wa mchana."

"Wakaacha redio, wakabeba cherehani?"

Melkiadi akasema wezi wa siku hizi hawana akili. Theodosia hakubishana. Alitoka, akauliza kwa jirani, akaambiwa kuna bwana mwenye tai ya kipepeo amepanda lori la Kasulu akiwa amekalia sanduku la mbao. Alirudi ndani, akamtazama mumewe mpaka mumewe akasema kila kitu, pamoja na hesabu ya punje. Asubuhi alipanda lori.

Wakati huo Ildefonsi alikuwa Kasulu, amekwishaoga, anatafuta mwanafunzi mpya. Njia nzima, juu ya gunia na vumbi, alikuwa amefikiria elimu yake. Kanuni alizonazo zilikuwa tatu. Kuna Maradufu, ya kuzidisha unapopoteza. Kuna Ngazi, ya watu waoga: ukipoteza unapanda kidato kimoja, ukishinda unashuka kimoja. Na kuna Mkia, ya watu wenye mbwembwe: unapopoteza huongezi kitu, unapokuwa unashinda ndipo unaiacha faida mezani izaliane, umeshika bahati mkia. Kwa utafiti wake wa kwenye tundu la glasi, tofauti ya hizo tatu ilikuwa kama tofauti ya magonjwa. Maradufu inaua kama radi. Ngazi inaua kama kifua kikuu, polepole na kwa heshima. Mkia inaua kama pombe, mgonjwa akiwa anaimba. Hakuna hata moja inayobadilisha karata inayofuata, maana karata haijui umeweka shilingi ngapi. Jambo hilo Ildefonsi alilijua vizuri sana, na tusilisahau, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisahau.

Duka la Abdulrahmani lilikuwa na kaunta ndefu, kitambaa kidogo na sukari isiyoonekana. Sukari ilikuwa chini ya kitanda cha mwenye duka, na ilionekana kwa wenye kuomba vizuri, yaani kwa bei nyingine. Mwaka ule maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefungwa kwa amri, yakafunguliwa tena kwa amri, na Abdulrahmani hakuwa mtu wa kungoja amri ya tatu. Alitafuta mlango mwingine wa riziki usiku na mchana. Alikuwa mtu wa swala tano, ndevu zimechanwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana.

Ildefonsi alimwonesha cherehani. Alipoulizwa ameipata wapi, akaona mlango umefunguka.

"Kuna mjinga mmoja Kibondo," alisema, "alikuwa anacheza Maradufu. Maradufu ni dawa ya zamani, sheikh wangu. Bujumbura wameshaiacha. Sasa watu wazima wanacheza Ngazi."

"Kamari?" Abdulrahmani akarudi nyuma hatua moja. "Bwana mgeni, kamari kwetu ni haramu. Usinitajie." Akapanga bidhaa kidogo. "Ngazi ikoje?"

Akaelezwa. Akasema astaghfirullah. Akauliza mtu akianzia kidato cha kumi hupata kiasi gani kwa siku. Akajibiwa. Akasema astaghfirullah tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Mimi siwezi kugusa karata," alisema mwishowe, "wala kuitazama ikichezwa. Lakini nina dada yangu."

Dada mwenyewe, Mwamvua, alikuwa nyuma ya pazia anapepeta mchele, na alisikia yote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane aliyerudi kutoka Ujiji alikokuwa ameolewa, na huko Ujiji alicheza karata na wake wenzake mpaka zikachakaa. Duka lile liliachwa na baba yao kwa wote wawili. Tangu matanga, kila Mwamvua alipouliza fungu lake, kaka yake alimjibu kwa upole neno lile lile: "Tutagawana, dada, mambo yakitulia." Mambo hayakutulia. Mwamvua alikuwa anapika, anafua, anauza, anapepeta, na kila mwaka mambo yalizidi kutotulia.

Kesho yake Theodosia akaingia dukani na vumbi la safari hadi kwenye kope. Aliulizia kama kuna mtu ameleta cherehani ya mkono, sanduku lake lina alama ya pasi iliyounguza kifuniko. Abdulrahmani hakuwepo. Mwamvua alimtazama, akamkaribisha uani, akampa maji ya kunawa na chai.

"Mume wako alikuwa anacheza ipi?" aliuliza.

"Sijui, dada. Anasema ya Maradufu."

"Kaka yangu kauziwa ya Ngazi."

Walitazamana. Theodosia ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala, na Mwamvua akamfuata mpaka akashika mbavu.

"Hiyo cherehani utarudi nayo," alisema Mwamvua alipopata pumzi. "Nisikilize tu, na ukae jikoni usionekane."

Jioni alimpelekea kaka yake kahawa.

"Kaka, nimefikiri juu ya kazi uliyonipa. Huyu mgeni nguvu yake ni ile karata aliyoificha. Mtu akiijua, Ngazi ya nini?"

"Kuiba ni haramu, Mwamvua."

"Nani kataja kuiba? Wewe hutaki kuona kamari. Basi wakati tunacheza wewe keti nyuma yake, umempa mgongo, utazame kabati."

Kabati lenyewe lilikuwa sebuleni, urithi wa mama yao, milango yake ya vioo, na Mwamvua ndiye aliyekuwa akilisugua kila Ijumaa mpaka nzi walikuwa wakijigonga. Abdulrahmani akaenda sebuleni, akaketi, akalitazama. Alijiona yeye, akaona nyuma yake kiti kitupu, na juu ya bega la kiti akaona meza yote.

"Kutazama kabati la mama yangu mwenyewe," alisema polepole, kama anayetoa fatwa, "sijasikia mwanachuoni aliyelikataza."

Wakakubaliana: akikohoa, mgeni ana karata nzito. Akigonga kikombe kwenye kisosi, ana nyepesi.

Jumamosi saa tatu asubuhi Ildefonsi alifika na suti iliyopigwa pasi, karata mpya, fedha zote za Kibondo na cherehani. Alipoona mpangilio wa viti akasita, maana mtu mwenye akili haruhusu mtu mwingine kukaa nyuma yake. Lakini Abdulrahmani alikuwa ameshageukia ukuta, tasbihi mkononi, kahawa mapajani.

"Samahani, bwana mgeni," alisema bila kugeuka. "Macho yangu nayaepusha na dhambi. Nyie endeleeni, mimi sipo."

Ildefonsi nusura amwonee huruma. Aliketi, akazigawa karata kwa madaha, akainua ile iliyofichwa mpaka karibu na tai yake ili mama asiichungulie, akaitazama.

Kabati nalo likaitazama.

Mwamvua alikuwa na kumi na sita mkononi, hesabu mbaya kuliko zote: ukiongeza unakufa, ukibaki unapigwa. Karata ya wazi ya mwenye meza ilikuwa sita. Kikombe kikagonga kisosi.

"Natosheka," alisema Mwamvua, akazilaza karata zake wazi mezani.

"Na kumi na sita?" Ildefonsi alitabasamu kama mwalimu mkuu. "Mama, kule kwetu watu huongeza."

"Mimi naogopa, mwalimu."

Ildefonsi akafunua mbili yake iliyofichwa, akachukua saba, akachukua picha. Ishirini na tano. Akalipa.

Mara ya pili Mwamvua alikuwa na kumi na tano, na Abdulrahmani akakohoa kikohozi cha mtu mwenye pumu ya ukoo. Mwamvua akaongeza, akapata tano ya kopa, ishirini, akakusanya. Ilikuwa hivyo asubuhi yote. Si kila mkono alishinda. Hata kabati haliwezi kubadilisha karata iliyokwishagawiwa. Lakini mikono mingi alishinda, na kwa kuwa alicheza Ngazi kwa utiifu, akishuka anaposhinda na kupanda anapopoteza, Ildefonsi alijiambia kwamba ni bahati ya mwanagenzi, itakwisha sasa hivi.

Haikuisha. Rundo lake lilianza kupungua tumbo. Na hapo, mbele ya kikombe cha kahawa kilichopoa, likamtokea Ildefonsi jambo ambalo alikuwa amelitazama kwa wengine miaka mingi kupitia tundu la glasi. Masikio yalipata moto. Alianza kuona kwamba karata zinamdai na lazima zilipe. Alianza, Mungu amsamehe, kuhesabu.

"Mama," alisema, "tubadilishane. Wewe uwe mwenye meza, mimi niweke dau."

"Mimi? Mimi sijui kuongoza meza."

"Rahisi. Gawa tu."

Mwamvua alizichukua karata. Kwa mtu asiyejua, alizichanganya vizuri kupita kiasi, zikateleza vidoleni kama dagaa wabichi, lakini Ildefonsi hakuona. Alikuwa anaweka kumi. Alipoteza. Akaweka ishirini. Nyuma yake kikohozi, akapoteza. Akaweka arobaini.

"Mwalimu," Mwamvua aliuliza kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, "hii si ile Maradufu uliyosema ni ya zamani?"

"Ni ya zamani kwa wasiojua kuitumia!"

Themanini. Mia na sitini. Alikuwa analowa. Akashinda mkono mmoja, akapata nguvu, akasema mnaona, akarudi kwenye kumi. Kisha ikaja mvua nyingine ndefu kuliko ya kwanza, na kikombe na kikohozi vikapokezana kama wapiga ngoma wawili. Akavua tai. Akaweka mia tatu na ishirini kwa sarafu za mwisho na saa yake ya mkononi, ikaenda.

"Mia sita na arobaini," alisema Ildefonsi. Sauti haikuwa yake.

"Unazo?"

"Nina cherehani. Nina viatu. Nina koti."

Mwamvua alitazama vile vitu kama anayepima kitambaa. "Mimi sina masharti ya Bujumbura," alisema. "Weka tu."

Karata zikagawiwa. Ildefonsi alizikumbatia, akachungulia: kumi na tisa. Roho yake ikapanda juu ya paa. Abdulrahmani akakohoa mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Mwamvua alikuwa na kumi na nane, hesabu ambayo hakuna mwenye meza hata mmoja duniani angeigusa. Akashika karata iliyofuata, akaivuta kwa kidole kimoja, akaifunua.

Tatu ya uru.

"Ishirini na moja," alisema. "Au nimekosea kujumlisha, mwalimu?"

Ildefonsi alitazama karata, kisha akageuka kumtazama yule mcha Mungu aliyekuwa akipangusa kanzu yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitazama kule mwenzake alikokuwa akitazama. Katika kioo cha kabati aliuona uso wake mwenyewe, na kwenye mikono yake, wazi kama tangazo, kumi ya kopa na tisa ya shupaza.

"Ninyi ni wezi!" alipiga kelele. "Nimecheza kamari miaka yote hii kwa uaminifu!"

"Kamari?" Abdulrahmani alisimama. "Katika nyumba hii? Mimi nilikuwa naangalia vyombo vya marehemu mama. Kama umeibiwa, bwana, kituo cha polisi kiko pale baada ya mti wa posta. Nenda ukawaeleze ulikuwa unafanya nini. Usisahau kuwaeleza na cherehani umeipata wapi."

Ildefonsi akatoka na soksi.

Adhana ya adhuhuri ilisikika. Abdulrahmani aliutazama ule mlima wa noti na sarafu, akaunyoshea mkono, akaurudisha.

"Hela hii sijui hukumu yake," alisema. "Siwezi kwenda nayo msikitini. Ikae kwako kwanza, dada. Nikirudi tutaona namna ya kuitakasa."

"Sawa, kaka. Swala njema."

Siku hiyo swala ilikuwa njema kweli, na ndefu, maana Abdulrahmani aliomba mambo mengi. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mchele ulikuwa umepepetwa, sufuria zimesuguliwa, vikombe vya kahawa vimerudishwa kabatini. Mlangoni pa duka, kwenye baraza, Ildefonsi alikuwa ameketi na soksi zake, anakula muwa.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Amepanda lori la Kigoma. Na kikapu. Kizito." Ildefonsi alitema kapi la muwa. "Amenipa nauli ya kunifikisha Kabanga. Mama muungwana sana."

"Ameacha maneno gani?"

"Amesema nikwambie mambo yametulia."

Abdulrahmani akashika nguzo ya baraza. Barabarani lilibaki vumbi tu, nalo lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Tumeibiwa," alisema.

"Tumeibiwa?" Ildefonsi akamgeukia taratibu. "Wewe na nani?"

Walikaa pale muda mrefu, mcha Mungu na mwuza elimu, wakijaribu kutunga maelezo ambayo mtu anaweza kuyasoma mbele ya polisi. Kila walipoanza kwa sentensi nzuri iliwapeleka jela wote wawili. Mwishowe Abdulrahmani aliingia ndani, akalifunika kabati kwa shuka.

Theodosia alishuka Kibondo siku iliyofuata, cherehani kichwani, shingo imenyooka kama anabeba yai. Mwamvua hakumdai hata senti. Alimwambia tu amshonee gauni siku moja akipita Kigoma, na amjulishe mumewe kwamba mke wake si benki.

Melkiadi alimpokea kwa machozi. Aliapa kwa jina la mama yake hatagusa tena karata. Alimkokea moto, akampikia mwenyewe ugali, jambo ambalo majirani walikuja kulitazama. Theodosia alimsimulia yote, tangu uani kwa Mwamvua mpaka lori la Kigoma, naye akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa mshangao na toba.

Alipomaliza, Melkiadi alichokonoa makaa. Akasafisha koo.

"Mama Kezia."

"Naam."

"Hivi huyo mama alimshinda kwa ipi hasa? Ya Maradufu au ya Ngazi?"

"Ya kabati," alisema Theodosia, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Melkiadi akavuta kigoda karibu.

"Ya kabati," alirudia kwa sauti ya chini, macho yanang'aa. "Ona! Hiyo, jamaa alinificha. Hiyo, mtu anaanza na shilingi ngapi?"